Chujio la Gari la Maiti

Ghislain, uliniomba ukurasa mmoja tu. Ulitaka niandike kila kipande kidogo cha injini kinabadilishwa lini: mkanda, chujio, bougie, mipira ya maji. Ulisema utaubandika ukutani garajini, juu ya meza ya kazi, ili vijana waache kukuulizauliza. Nimejaribu. Lakini kila nikikaa, gari linapanda mbele ya nyumba yetu hapa Cimpunda, nasikia mkanda unalia au vali zinagonga, nainuka kwenda kuangalia, na nikirudi chai imepoa na neno sijaandika. Mke wangu anasema kustaafu kumenishinda kuliko kazi yenyewe. Hajakosea.

Basi ukurasa sitaandika. Nitaandika nilivyojifunza, na mtanisamehe nikirukaruka. Tena kuna jambo nawadai kulieleza, au tuseme mnanidai ninyi. Wiki iliyopita mlinikuta chini ya gari la maiti, mimi mstaafu, ninafungua chujio la mazutu, la dizeli, ambalo wewe Ghislain ulilifunga kwa mkono wako siku chache kabla. Ulikasirika mbele ya wote. Hukujua kilima cha Nyantende kilishanifanya nini, wala hukujua nilikuwa nimemwahidi nini mama aliyekuwa anangoja kupandishwa kilima hicho.

Nianze na siku ya kwanza. Sikugusa gari. Mzee Rashidi, aliyenifundisha kazi, aliniwekea mbele beseni lililojaa mipira ya maji ya injini, zile durite zilizotolewa kwenye magari ya wateja, akaniambia nifumbe macho niziminye moja moja. Mzee Rashidi alikuwa mtu wa Uvira, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani. Ndugu zake wote waliuza vitenge. Yeye peke yake alipenda grisi, na nadhani nyumbani kwao jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ndogo. Kiswahili chake kilitufanya tucheke na kutamani kwa wakati mmoja. Sisi tukisema gari iko inakufa, yeye alisema gari linataka kuzimika, kana kwamba gari lenyewe limeomba ruhusa.

"Haya, upi mgonjwa?" akaniuliza.

Nilimpa ule uliopasukapasuka juu. Alicheka hadi kofia ikaanguka. Ule, alisema, umekauka ngozi tu, unaweza kwenda mwaka mzima. Akachukua mwingine, mweusi, mzuri, unang'aa, akaniwekea kidole changu karibu na mwisho, mahali unapobanwa na pete ya chuma. Palikuwa laini na pamevimba kidogo. "Huu umekunywa mafuta," alisema. "Utapasuka ukiwa unapendeza hivi hivi." Tangu siku hiyo siamini durite kwa macho. Ziminyeni asubuhi injini ikiwa baridi, na minyeni pembeni mwa pete, si katikati. Ikiwa ngumu inayolia ukiibonyeza, itoeni. Ikiwa laini kuliko zile nyingine, itoeni haraka zaidi.

Nilikuwa mtu wa haraka. Nilitaka kanuni. Tulikuwa tunafunga lori la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anateremka Uvira, na mkanda wake ulikuwa na mistari midogo upande wa ndani. Nikamuuliza Mzee Rashidi: huu utakatika lini?

"Kijana, sijui. Na wewe utazeeka katika kazi hii hujui," alisema. "Usiniulize lini. Niulize utakatika wapi."

Nilidhani ananitania, kwa sababu alikuwa mtaniaji. Lakini alieleza akiwa anafuta mikono. Mkanda ukikatika Sange, huko bondeni, ni usumbufu tu. Kuna kivuli, kuna watu wanauza nyanya, kuna mtu anamjua mtu mwenye mkanda, dereva atakula nyama ya mbuzi na kufika jioni. Mkanda uleule ukikatika kwenye miteremko ya Ngomo, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu, na lori jingine linapumua nyuma yako, hilo ni jambo jingine. Kipande hakipimwi kwa umri wake, alisema, kinapimwa kwa mahali pabaya kuliko pote ambapo gari hilo litapita. Akaukata ule mkanda kwa kisu mbele ya dereva ili asishawishike kuurudisha, akafunga mpya.

Ndiyo maana sina imani na zile kilomita mnazosoma kwenye vitabu vya magari. Vitabu vile viliandikwa na watu wenye lami. Isitoshe, magari mengi tunayopokea hapa yalishaacha kuhesabu kilomita zamani, kabla hayajavuka mpaka, na namba iliyoganda pale mbele ya dereva ni mapambo. Sisi tunahesabu misimu na vilima. Mkanda uukunje kinyumenyume na uangalie tumboni mwake, si mgongoni. Bougie, zile plagi za kupasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka, zibadilishwe zote pamoja, kwa sababu moja ikifa zile nyingine zinafanya kazi yake na zinaifuata. Pete za chuma za durite ni vitu vya kununua pamoja na durite, msizirudishe zilizolegea eti bado zinang'aa. Na chujio la mazutu nitalifikia, kwa sababu ndilo linaloniamsha.

Adui wa kazi yetu si kutu. Ni maneno matatu. Mteja unamfungulia boneti, unamwonyesha mkanda umechanika, durite imevimba, chujio jeusi, anakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha anakuambia: "Fundi, si iko inatembea?" Na ni kweli inatembea. Hata mtu mwenye homa kali anatembea, mpaka afike mahali aanguke. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa mapadri, kwa wachimba dhahabu wa Mwenga ambao hawaogopi kuingia chini ya mlima lakini wanaogopa kununua durite. Nimeyasikia pia kwa patron wetu wa wakati ule, mwenye garaji, na hapo ndipo nisipoweza kucheka.

Patron alikuwa amenunua gari la maiti. Lile lile mlilonalo sasa, jeep ndefu ya dizeli, viti vya nyuma vimeng'olewa, mapazia ya zambarau madirishani. Wakati ule halikuwa zee hivi, lakini halikuwa jipya pia. Dereva wake alikuwa Tonton Pascal, mtu mnene mwenye kipaji cha kuendesha polepole bila kuzima injini, na kipaji hicho kwenye vilima vyetu si kidogo.

Sasa ninyi vijana mnaofungua magari kwa kompyuta mnaweza kucheka, lakini mmekulia hapa na mnajua. Gari la mboga likizimika njiani, limeharibika. Gari la maiti likizimika njiani, watu hawasemi limeharibika. Wanasema marehemu amekataa kwenda. Na akikataa, basi kuna mtu anamkataa, yule aliyemroga, na mtu huyo yupo hapohapo kati ya wanaolia. Watu wanaanza kutazamana. Kwa kawaida macho yanatua kwa mama mzee, mjane, mke mdogo wa baba, yeyote asiye na kaka mkubwa wa kumsemea. Nimeona nyumba zilizochomwa kwa ajili hiyo, na kuna mengine nimeyasikia ambayo sitaki kuyaandika.

Kwa hiyo mimi gari lile sikuliweka pamoja na magari mengine. Swali la Mzee Rashidi lilinisumbua: litafia wapi? Gari la maiti haliwezi kufa mahali popote pazuri. Kila linapokwenda, lina umati nyuma yake.

Chujio la mazutu lilikuwa limevuka msimu mzima wa mvua. Mnajua mazutu yetu. Yanakuja kwenye mapipa, yanamwagwa kwenye vidumu, vidumu vinakaa kando ya barabara vikinyeshewa, na maji yanaingia. Maji hayachanganyiki na mazutu, yanalala chini kabisa ya chujio na kungoja. Kwenye tambarare hayana neno. Ukipanda kilima kirefu, injini inavuta kwa nguvu, na hapo maji yanaamka. Gari lilikuwa limeanza kukohoa milimani, nami nikamwonyesha patron. Akaniambia maneno yale matatu. Niliporudia, akapata dawa ya mtu mwenye akili: badala ya kununua chujio, aliamuru niwe napanda nyuma ya gari katika kila mazishi, na sanduku langu la vyombo. Chujio likawa mimi.

Siku ile tulikuwa tunampeleka Nyantende kijana aitwaye Bisimwa. Aliugua tumbo hapa mjini, akafariki akiwa bado hajaoa. Mbele ya gari alikaa Tonton Pascal peke yake, nyuma tulikuwa mimi na sanduku na jeneza na majani ya migomba. Ndugu walifuata, wengine kwenye basi dogo, wengi kwa miguu tulipoanza kuingia vijijini, wakiimba. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara imelowa. Kilima cha mwisho kabla ya Nyantende mnakijua, kile chenye kona inayokulazimisha kupunguza mwendo pale hasa unapohitaji kuongeza. Tulipofika kwenye kona injini ikakohoa, ikajikaza, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Pascal alivuta breki ya mkono. Niliruka nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Jeneza lilikuwa limeteleza kidogo, limegonga mlango wa nyuma, na mlio ule kila mtu aliusikia. Wimbo ulikatika.

Kisha sauti moja kutoka nyuma: "Anakatala."

"Bisimwa anakatala!"

Aliyesema mara ya pili alikuwa Cirhuza, kaka mkubwa wa marehemu, kijana mwenye mabega mapana na macho mekundu ya kulia. Hakuangalia gari. Aliangalia mama mmoja mfupi aliyejifunga kitenge cheusi, anayetembea peke yake pembeni. Huyo alikuwa Maman Nsimire, mke wa pili wa baba yao. Mama yao mzazi alifariki wakiwa wadogo, na huyu ndiye aliyewalea wote wawili. Lakini baba naye alishakufa, na alikuwa ameacha shamba la migomba, na mwaka ule Cirhuza na mama huyu walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba hilo. Sasa shamba, ugonjwa na gari vikaungana kichwani mwa kijana. Watu walianza kumzunguka mama, si kwa mbio, polepole, na hilo liliniogopesha zaidi.

Nilifungua boneti. Niliogopa, siwafichi. Niliangusha ufunguo matopeni, nikauokota. Nilifungua chujio, nikalimimina ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa, nikainua juu. Mazutu yalielea, na chini yake maji machafu, yanaonekana wazi kama yanavyoonekana ndani ya glasi.

"Cirhuza! Kuya uone! Ni maji! Maji iko mu filtre, njo inafanya gari inazima!"

Alikuja. Aliichukua chupa, akaitazama kwa makini kabisa, akanirudishia.

"Fundi, nimeona," alisema. "Na nani alitia ile maji? Muchawi hawezi tia maji mu mazutu?"

Ukweli nilikuwa nao mkononi, ndani ya chupa, na haukumsaidia mtu. Nilirudi kwenye injini nimejaa hasira, hasira kwa Cirhuza, hasira kwa patron ambaye saa ile alikuwa amekaa mjini. Chujio jipya sikuwa nalo. Pascal alikuwa na kidumu kidogo cha mazutu safi chini ya kiti. Nilisuuza lile chujio bovu kadiri nilivyoweza, nikalijaza, nikalirudisha. Kisha kuna kazi ambayo haiharakishwi: kutoa hewa. Unalegeza skrubu ya juu, unabonyeza pampu ndogo ya mkono, povu linatoka, unabonyeza, povu linatoka, mpaka yatoke mazutu matupu. Ukiacha hewa kidogo, injini haiwaki. Na mpira wa pampu ile nao ulikuwa umechoka. Sehemu ya nguvu zangu iliishia hewani.

Nyuma yangu mtu mmoja alikuwa ameokota jiwe. Mwingine alisema tumfunge kwanza, mambo mengine yatajulikana. Ndipo nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa. Maman Nsimire alikuwa amepita katikati yao, bila kumsukuma mtu, akapanda kwenye kiti cha mbele, akajikalisha, akaweka mikono magotini.

"Maman, shuka pale," Cirhuza alimwambia.

"Sishuke. Ni mutoto wangu, nitamufikisha." Sauti yake haikuwa kubwa. "Munasema anakatala juu yangu. Basi niko hapa, karibu yake. Kama anakatala mimi, gari haitawaka. Kama itawaka, muniache nizike mutoto. Pascal, washa."

Wazo lile liliwaingia watu, kwa kuwa lilikuwa wazo lao wenyewe, yeye amelikalia tu. Pascal alinitazama kwa upenyo wa boneti. Mimi povu lilikuwa bado linatoka.

"Bado!" nilipiga kelele.

"Bado nini?" Cirhuza alijibu. "Washa!"

Nilibonyeza pampu mpaka kidole gumba kikachubuka. Mama yule hakujua lolote juu ya hewa na povu. Alikuwa ameweka maisha yake juu ya kipande cha mpira kilichochoka, kwa sababu ya mtu aliyesema bado iko inatembea. Nilikaza skrubu, nikamwambia Pascal apashe moto kwanza. Alipasha. Akawasha. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikuwaka. Nyuma yangu sauti zilipanda. Nililegeza bomba linaloingia kwenye sindano ya kwanza ya kupulizia mazutu, nikamwambia azungushe tena, hewa ikatema mate, kisha mazutu yakaruka usoni mwangu. Nikakaza bila kujifuta. "Tena!"

Iliwaka kwa silinda moja, ikitikisika vibaya, ikatoa moshi mweupe, kisha nyingine ikaingia, kisha zote.

Hakuna aliyeshangilia. Aliyeokota jiwe aliliweka chini, akalitazama kama hajui lilifikaje mkononi mwake. Cirhuza alisema tu, "Haya, twende," akaanzisha wimbo yeye mwenyewe. Maman Nsimire alikaa kiti kile mpaka kaburini. Nilirudi nyuma, nikakaa karibu na jeneza, na hapo ndipo nikalia, na mazutu machoni yalinipa kisingizio kizuri.

Jambo hilo halijawahi kutulia ndani yangu. Walimwachia kwa sababu isiyokuwa kweli. Gari liliwaka kwa sababu hewa ilitoka, basi. Na hewa isingetoka, kwa akili ileile iliyomwokoa wangemuua. Nilirudi garajini, nikaingia ofisini kwa patron na nguo zangu za mazutu, nikamweleza yote bila kukaa, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani. Alinunua machujio ya kutosha kujaza rafu. Sikumshukuru.

Tangu hapo chujio la gari lile nililibadilisha mvua zinapoanza, na tena katikati ya mvua, na tena kila tulipolazimika kununua mazutu ya vidumu. Pampu ya mkono niliifunga mpya. Durite, mkanda, bougie, vyote nilivitoa vikiwa bado vizima, nikavikata kwa kisu kama alivyofanya Mzee Rashidi. Wenzangu waliniita Papa Filtre. Niliwaacha waniite.

Maman Nsimire alianza kupita garajini siku za soko, akitoka Nyantende na kikapu cha maparachichi. Hakuingia ndani. Alisimama langoni, akaulizia gari la maiti.

"Fundi, corbillard iko muzima?"

"Iko muzima, maman."

"Siku yangu isisimame ku kile kilima. Unasikia?"

"Haitasimama."

"Umesema."

"Nimesema, maman."

Tulirudia maneno hayo miaka mingi, yakawa kama salamu. Nilijua, au nilidhani najua, kinachomsumbua. Mtu aliyewahi kuzungukwa namna ile ana haki ya kutaka aende kwa amani. Nilisikia pia kwamba yeye na Cirhuza walipatana. Hakuna aliyeniambia waliombana msamaha. Niliambiwa tu kwamba Cirhuza alimjengea chumba kwake, na kwamba mama analima lile shamba la migomba na Cirhuza anamsaidia kubeba. Kisha mimi nikafikia umri, mkaniandalia chakula, mkanipa saa ya ukutani, na nikaja kukaa hapa kusikiliza magari ya watu.

Habari ya kifo chake niliipata kanisani. Alikuwa amelazwa hapa mjini, angezikwa Nyantende siku ya Alhamisi. Mke wangu anasema sikusubiri baraka ya mwisho. Kesho yake asubuhi mlinikuta chini ya gari.

"Papa Murhula, juu ya nini unaitoa?" uliniuliza, Ghislain. "Ile filtre nimetia juzi tu. Iko mupya!"

"Mazutu mulinunua wapi?"

"Mu bidon, kando ya barabara. Station haikukuwa na kitu."

"Njo maana."

"Njo maana nini? Ulishaenda retraite, papa. Rudi kwako, upumuzike."

"Nitapumuzika Alhamisi."

Nililimimina chujio lako ndani ya chupa, mkasogea wote kuangalia. Hapakuwa na maji. Hata tone. Lilikuwa safi kabisa, na kazi yako ilikuwa nzuri, liandike hilo ukutani ukipenda. Nililibadilisha hata hivyo. Nikabadilisha mkanda, nikabadilisha durite mbili zilizokuwa hazina kosa, nikatoa hewa taratibu, mpaka nilipochoka kutazama mazutu matupu yakitoka. Ulinung'unika, kisha ukanishikia taa. Ahsante kwa hilo.

Alhamisi mlinipa nafasi nyuma, mahali pangu pa zamani. Tonton Pascal alishatangulia, kwa hiyo uliendesha wewe. Na mbele, kwenye kiti kile, alikaa Cirhuza. Mabega yameshuka, nywele zimepata mvi, amevaa koti lililombana. Wewe ulikuwa unaangalia barabara, hukumwona. Mimi nilimwona. Tulipoanza kupanda kilima alitoa mkono mfukoni akauweka juu ya dashibodi, akaubana pale, kama mtu anayemshika mgonjwa asianguke.

Nilitazama nyuma dirishani. Wazee wa Nyantende walikuwa wanatufuata, wanaimba, na wengi wao ni walewale wa siku ile. Hawajasahau nani alipiga kelele na nani alinyooshewa macho. Ndipo nilipoelewa, nikiwa mzee hivi. Gari likizimika leo kwenye kona ile, hawatasema limeharibika. Watasema mama amekataa. Na watajua amemkataa nani.

Nilisikiliza. Sijawahi kusikiliza injini namna ile. Ulipunguza mwendo kwenye kona, ukaingiza gia ya kwanza, injini ikajikaza, ikavuta, ikapita. Waimbaji hawakukosa hata mstari mmoja. Cirhuza hakuutoa mkono dashibodini mpaka tuliposimama mbele ya kaburi.

Baada ya kuzika tulipanga foleni kunawa mikono, kama kawaida, kwenye beseni lililowekwa getini. Cirhuza alikuwa mbele yangu. Alinawa, hakuondoka.

"Papa Murhula."

"Ndiyo, Cirhuza."

"Ilipanda."

"Ilipanda."

Alijifuta mikono kwenye koti, polepole, huku anatazama chini.

"Maman aliniambia ku hôpital, mbele ya kufa. Aliniambia: Cirhuza mwana wangu, usiogope kile kilima. Ni juu yako nilisemaka na fundi miaka yote ile."

Niliendelea kunawa, ingawa mikono ilikuwa imeshatakata.